Dhahabu ya Lupa na Mgodi wa Saza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wenye kazi za mradi, wajukuu wa watu waliofanya kazi mgodini, wachimbaji wadogo wa Chunya na Songwe, na wale wanaotafuta mali za Mjerumani. Hao wa mwisho waanzie swali la 17, litawaokolea nauli. Tumeweka nambari ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mahali na mwanzo

1. Lupa ni mto, kijiji au mgodi?

Kwanza ni mto, na maji yake huishia bonde la Ziwa Rukwa. Jina la mto likachukuliwa na eneo zima la dhahabu kaskazini mwa Mbeya, lenye umbo linalokaribia pembetatu: upande mmoja umekatwa na ukingo wa Bonde la Ufa la Rukwa, upande mwingine na miteremko ya kwenda Usangu, na kaskazini msitu wa miombo unaendelea hadi macho yachoke. Ndani ya pembetatu hiyo kuna Chunya mjini, Itumbi, Matundasi, Makongolosi, Lupatingatinga, Mkwajuni na Saza. Kwa hiyo mtu akisema "babu alifanya kazi Lupa", hajataja mgodi. Ametaja eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa gari siku nzima usilimalize.

2. Saza iko Mbeya au Songwe?

Leo iko Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe, ambao ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Kumbukumbu zote za zamani utazikuta chini ya Chunya au Mbeya, kwa hiyo ukitafuta "Songwe" kwenye majalada ya wakoloni utapata habari za mto tu.

3. Dhahabu iligunduliwa lini?

Mwaka unaotajwa kwa Lupa ni 1922, na iliyopatikana ilikuwa dhahabu ya mchangani, ile inayookotwa kwenye vitanda vya mito na mikondo mikavu. Waingereza walikuwa wageni bado. Tanganyika ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Uingereza ikaishika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa.

Mwanzoni watu hawakumiminika kama inavyosimuliwa. Kilichowaleta kwa wingi ni bei. Septemba 1931 Uingereza iliachana na kipimo cha dhahabu, yaani kufunga thamani ya pesa yake kwenye dhahabu, na bei kwa shilingi ikaanza kupanda. Januari 1934 Marekani ikapandisha bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia (karibu gramu 31). Wakati huohuo mdororo wa uchumi ulikuwa umeua bei za katani na kahawa. Mkulima mzungu aliyefilisika, fundi aliyeachishwa kazi, mwindaji wa tembo aliyechoka, wote wakaona karai na koleo ndiyo njia iliyobaki.

4. Je, si Wajerumani walioanza kuchimba Lupa?

Hapana. Mgodi wa dhahabu wa Mjerumani unaotajwa katika historia ni Sekenke, Singida ya leo, ulioanza kazi mwaka 1909. Lupa ni habari ya wakati wa Mwingereza. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakozaa maswali ya aina ya swali la 17.

5. Ni kweli jiji la Mbeya lilizaliwa na dhahabu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mbeya ilikua miaka ya 1920 na 1930 chini ya mlima Loleza kama mahali pa kununulia vitu, kupata barua, kutibiwa na kupanda gari la kwenda machimboni. Kuanzia mwaka 1932 hata ndege za Imperial Airways za London hadi Cape Town zilitua hapa, na si kila kituo cha Tanganyika kilipata bahati hiyo.

Reli haikuwepo. TAZARA ilikuja miaka ya 1970, wakati Saza imeshafungwa zamani. Mzigo ulikuja kwa lori, ama kutoka Dodoma kupitia Iringa, ama kutoka stesheni ya Itigi kupitia Rungwa hadi Chunya. Kutoka Mbeya barabara ilipanda milima kupitia Kawetire, ikavuka kwenye baridi na ukungu, kisha ikashuka Lwanjilo hadi kwenye joto la Chunya. Ni karibu kilomita 70, leo zina lami. Kabla ya lami, wakati wa masika, safari hiyo ilikuwa ya kubeba chakula na blanketi. Fikiria sasa kinu cha chuma cha kusagia mawe kikipita hapo juu ya lori la mwaka 1938.

Chakula nacho kilikuwa biashara. Maelfu ya watu wasiolima walihitaji unga, mchele na nyama kila siku, na wakulima wa nyanda za juu walijua mapema kuwa dhahabu inaweza kupatikana bila kushika koleo.

## Wachimbaji wa mtoni na kampuni

6. Kulikuwa na tofauti gani kati ya mchimbaji binafsi na kampuni?

Tofauti ilikuwa kwenye jiwe. Dhahabu ya mchangani imeshaachana na mwamba wake. Mvua na mto vimefanya kazi ya kusaga kwa maelfu ya miaka. Mtu mmoja mwenye karai, maji na vibarua wachache anaweza kuipata. Unajaza mchanga, unauzungusha ndani ya maji ukiinamisha ukingo kidogo, mchanga mwepesi unamwagika, mwisho unabaki mchanga mweusi mzito wa chuma. Nyuma yake, ukiwa na bahati, kuna mkia mwembamba wa njano.

Shida ya Lupa ni maji. Mito mingi hukauka, na mchimbaji mwenye mchanga mzuri kiangazi anaweza kukaa ameukodolea macho tu. Shida ya pili ni kwamba mchanga unaisha. Ukishaisha, unaanza kuuliza dhahabu ilitoka wapi, na jibu liko kwenye mishipa ya mawe meupe, kwazi, inayopita katikati ya granaiti na kuzama chini. Wachimbaji wa Chunya wanaiita rifu hadi leo. Kufuata rifu chini ya usawa wa maji ya ardhini kunahitaji pampu, winchi, mbao, baruti, kinu na mtu wa kupima mwamba. Hapo ndipo karai linapoishia na mtaji wa watu wanaonunua hisa unapoanzia.

Serikali yenyewe ilipenda kampuni zaidi. Kampuni ina ofisi, vitabu vya hesabu na anwani ya kupelekea madai ya mrabaha, malipo ya serikali kwa madini. Mchimbaji wa mtoni ana hema.

7. Mgodi wa Saza ulikuwa wa nani?

Kampuni mbili zinatajwa. Ya kwanza ni East African Goldfields, iliyowekeza Saza miaka ya 1930 na kukwama. Ya pili ni New Saza Mines, iliyoendesha mgodi kuanzia 1939 hadi 1956. Hiyo ya pili ndiyo wazee wanayoikumbuka.

Kukwama kwa ile ya kwanza hakukuwa ajabu. Miaka ile kampuni za dhahabu ziliota kama uyoga, na nyingi zilijenga kinu kabla ya kujua vizuri kilichopo chini. Rifu ina tabia ya kunenepa mahali na kukonda mahali. Ukipima pale iliponenepa peke yake, karatasi inaonyesha utajiri. Ukishuka mita chache inakuwa nyembamba kama kiganja na deni la kinu linabaki palepale. Maoni yetu ni kwamba nusu ya historia ya dhahabu ya Lupa ni historia ya sampuli zilizochukuliwa vibaya, ingawa hilo huwezi kuliona kwenye picha za zamani.

8. Saza na Geita zilikuwa kampuni moja?

Hapana. Geita ilikuwa chini ya kampuni yake na ilifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Uhusiano wao ni wa ukubwa tu: mpaka inafungwa, Saza ilihesabiwa ya pili kwa uzalishaji wa dhahabu Tanganyika, nyuma ya Geita.

## Chini ya ardhi

9. Kazi ya chini ilifanywaje?

Anza na shimo la wima, ambalo mchimbaji wa leo wa Itumbi angeliita duara, ila hili lilikuwa na fremu ya mbao au chuma juu yake, winchi na ndoo kubwa au kizimba cha kushushia watu. Kila baada ya kina fulani zilichongwa njia za mlalo kuifuata rifu kushoto na kulia. Kati ya njia moja na nyingine mwamba wenye dhahabu ulichimbwa kuelekea juu, ukaachwa udondoke, ukavutwa kwa vitoroli hadi kwenye shimo la wima na kupandishwa.

Zamu ilikuwa na mpangilio usiobadilika. Wachorongaji walitoboa matundu kwenye uso wa mwamba kwa mashine za hewa iliyoshindiliwa, au kwa nyundo na patasi ya chuma pale mashine isipofika. Matundu yakajazwa baruti, tambi za kuwashia zikakatwa kwa urefu tofauti ili milio ifuatane, watu wakaondoka. Kuhesabu milio ilikuwa kazi ya makini kuliko zote: ukipakia matundu 10 ukasikia milio 9, tundu moja bado limelala na baruti yake, na atakayeingia zamu ya pili na koleo ndiye atakayeliamsha. Baada ya hapo moshi ulihitaji muda kutoka, kisha wakaingia wa kuondoa mawe legelege kwa mitarimbo, wa kuweka matimba (magogo ya kushikilia mwamba), na wa kupakia.

Maji yalikuwa adui wa kila siku. Chunya ni kukavu juu, lakini ukishapita usawa wa maji ya ardhini mgodi hujaa. Pampu ikisimama, kazi imesimama. Ndiyo maana mgodi uliofungwa haubaki kama ulivyoachwa, jambo tunalolirudia kwenye swali la 20.

10. Mawe yaligeukaje kuwa dhahabu?

Kwa kusagwa, kisha kwa zebaki, kisha kwa sayanaidi, au kwa baadhi ya hatua hizo.

Kinu kilisaga mawe na maji mpaka yakawa uji. Uji ulipitishwa juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki. Punje za dhahabu zikanaswa na kutengeneza donge laini la rangi ya fedha. Donge lilikwanguliwa, likachomwa ndani ya chombo kilichofungwa ili mvuke wa zebaki upoozwe na kurudishwa, na kilichobaki kikayeyushwa pamoja na boraksi. Punje ndogo sana zilizokwepa zebaki zilifuatwa kwa njia ya sayanaidi, iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887 na kubadili uchimbaji wa dhahabu duniani kote. Mchanga uliosagwa huloweshwa kwenye matangi kwa maji yenye sayanaidi kidogo na chokaa, dhahabu inayeyuka humo, kisha unga wa zinki huirudisha kuwa kitu kigumu.

Anayefahamu mitambo ya kuchenjulia ya Makongolosi ataona kuwa mengi hayajabadilika. Kaboni imechukua nafasi ya zinki, na pamoja na jenereta kuna umeme wa gridi. Kilichopungua kwa bahati mbaya ni kile chombo kilichofungwa: zebaki inayochomwa wazi kwenye sufuria nyuma ya nyumba inamfikia mtoto aliyelala chumba cha pili.

## Watu wa mgodini

11. Wafanyakazi walitoka wapi?

Wenyeji wa eneo lenyewe ni Wabungu, Wakimbu na Wasafwa, lakini hawakutosha. Wengi walikuja kwa miguu kutoka Rungwe, Ileje, Mbozi na Njombe: Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga, Wabena. Wengine walivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kodi ndiyo iliyowasukuma wengi. Serikali ilitaka shilingi, na shilingi hazikuota shambani kwa kila mtu. Ila kodi peke yake haielezi yote. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa miaka ya 1930, waliwakuta vijana wakienda na kurudi Lupa kwa hesabu zao wenyewe: ng'ombe wa mahari, nguo, baiskeli. Kijana aliyemngoja baba yake ampe ng'ombe angeweza kungoja muda mrefu, na kule mgodini angejipatia mwenyewe. Wazee wa vijiji hawakulipenda jambo hilo, na kwa upande wao walikuwa na sababu.

12. "Kipande" kilichokuwa kikisemwa na wazee ni nini?

Kadi ya kazi. Ilikuwa na visanduku vya siku 30 za kazi. Kila jioni karani au nyapara alitia alama kwenye siku uliyofanya; siku uliyougua, au uliyofika ukaambiwa kazi yako haikumalizika, haikuhesabiwa. Mshahara ulitoka visanduku vyote vikijaa, kwa hiyo "mwezi" wa kipande ungeweza kuchukua wiki sita. Mtu aliyeondoka na kipande nusu aliacha pesa nyuma. Posho ya unga, maharage na chumvi ilitolewa pembeni.

Wajukuu wengi wanaotuuliza wamekuta kadi ya namna hii ndani ya sanduku la bati. Itunzeni. Isilaminishwe, isitobolewe; iwekwe kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu.

Jambo moja linalosahaulika: Idara ya Kazi ya Tanganyika ilivunjwa mwaka 1931 ili kubana matumizi. Hivyo katika miaka ambayo Lupa ilifurika watu kuliko wakati wowote, hapakuwa na idara yenye kazi maalumu ya kukagua kambi, vyoo, posho na mishahara. Mabwana shauri walifanya walichoweza pamoja na shughuli zao nyingine zote.

13. Mwafrika aliweza kumiliki kitalu?

Kwa vitendo, haki za utafutaji na vitalu zilikaa mikononi mwa Wazungu kwa sehemu kubwa. Mwafrika alikuwa kibarua, nyapara, mchorongaji, karani, mpishi, dereva. Kuuza dhahabu bila kibali lilikuwa kosa, na aliyekamatwa na chembe mfukoni alihesabiwa mwizi hata kama mto ulipita shambani kwa baba yake.

Kwa hiyo ujuzi ulijengeka bila hati. Watu walijua rifu ilipo, inavyoinama, mchanga upi una kitu. Uchimbaji mdogo ulipofunguliwa miaka ya 1980, Chunya haikuanza kujifunza upya.

14. Babu alirudi kutoka mgodini na kifua kisichopona. Ilikuwa TB?

Inawezekana ilikuwa TB, inawezekana ilikuwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, na mara nyingi ni vyote viwili. Kwazi ikichorongwa kavu hutoa vumbi laini lisiloonekana vizuri kwa macho. Likifika ndani ya mapafu halitoki, linaacha makovu, na mapafu yenye makovu hayo huipokea TB kwa urahisi. Dalili huweza kuja miaka mingi baada ya kuacha kazi, ndiyo maana familia nyingi hazikuunganisha kikohozi cha mzee na Saza.

Kama wewe mwenyewe unafanya kazi kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe) au unachoronga leo, jibu hili linakuhusu kuliko babu. Mwagia maji wakati wa kuchoronga na kusaga, na ukienda hospitali na kikohozi cha wiki mbili mwambie daktari kazi unayofanya kabla hajauliza.

## Kufungwa

15. Mgodi ulifungwa mwaka 1956 kwa sababu dhahabu iliisha?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu fupi ni kwamba iliyoisha ni ile iliyolipa.

Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Kabla ya Septemba 1931 ilikuwa karibu shilingi 85. Vita vilipoanza mwaka 1939 bei ya serikali ilikuwa shilingi 168. Septemba 1949 Uingereza ilishusha thamani ya pauni na bei ikapanda hadi shilingi 248. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa na ya Uingereza, kwa hiyo namba hizo zilihusu Chunya moja kwa moja.

Tuchukue mfano wa tani moja ya mawe yenye gramu 8. Kwa bei ya 1949 ina dhahabu ya karibu shilingi 64, kama ungeipata yote, na hakuna kinu kinachopata yote. Kutoka kwenye shilingi hizo lipa wachorongaji, baruti, matimba, mafuta ya jenereta, vipuri vilivyosafirishwa kutoka ng'ambo, lori la Itigi, posho, mrabaha, na watu wa ofisini. Kinachobaki ndicho faida.

Sasa angalia kilichofuata. Bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35, na ikabaki hapo miaka yote ya 1950. Chuma hakikufungwa. Dizeli haikufungwa, wala mishahara, na vita vilikuwa vimepandisha kila kitu. Wakati huo mgodi nao ulikuwa unashuka: kila mita ya kina iliongeza kamba ya winchi, maji ya kupampu na muda wa kupandisha jiwe lilelile. Mapato kwa tani yamesimama na gharama zinapanda kila mwaka; siku moja mistari miwili inakutana, na mwamba uliokuwa "dhahabu" mwezi uliopita unaitwa taka mwezi huu bila kubadilika hata chembe.

Vita vyenyewe viliacha jeraha. Vijana walichukuliwa keya, yaani jeshi la mkoloni (KAR), vipuri vikawa adimu. Kuchimba njia za kutafuta rifu mpya ni kazi isiyoleta pesa leo, kwa hiyo ndiyo hukatwa kwanza mgodi ukibanwa. Mgodi usiotafuta mbele yake unajiwekea tarehe.

Geita ilivumilia miaka 10 zaidi kwa kuwa ilikuwa kubwa, lakini nayo ilifunga mwaka 1966 chini ya bei ileile. Dola 35 iliachwa kabisa mwaka 1971.

16. Baada ya kufungwa watu walikwenda wapi?

Baadhi walirudi mashambani, ambako kahawa na chai za Rungwe zilikuwa zinaanza kulipa. Baadhi walibaki Chunya kwenye tumbaku na mchanga wa mtoni. Wengi walikwenda mbali zaidi: Copperbelt (migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini), au Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodi ya Witwatersrand na lililochukua watu wa Rungwe hadi Tanganyika ilipopata uhuru na kusitisha mpango huo.

Hapa ndipo simulizi za familia hujichanganya. Mzee mmoja angeweza kufanya kazi Lupa, kisha Wenela, na mjukuu akabaki na neno "mgodini" tu. Akitaja kupanda ndege, kushuka kina kirefu mno, au lugha ya Kifanakalo, hapo anazungumzia Afrika Kusini.

## Leo, na mambo ya pembeni

17. Tumeambiwa Wajerumani walifukia dhahabu Saza na kuna alama kwenye mawe. Ni kweli?

Hapana. Kama ilivyo kwenye swali la 4, Mjerumani hakuchimba Saza. Mgodi ulianza miaka zaidi ya 10 baada ya yeye kuondoka, na kampuni iliyouza dhahabu yake kila mwezi ili ilipe mishahara haikuwa na ya kufukia.

Sarafu za dhahabu za Mjerumani zipo kweli: za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati koloni limezingirwa. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Ni chache na zinajulikana kwa wakusanyaji wa sarafu duniani. Anayekuuliza kama kijijini kwenu kuna "rupia zinazovuta mchele" au "rupia yenye nguvu", kisha akadai hela ya dawa ya kuipimia, anatafuta hela ya dawa. Alama nyingi kwenye mawe ni matundu ya kuchorongea, au namba za wapima ardhi.

18. New Luika ndiyo Saza iliyofufuliwa?

Hapana, ingawa ziko eneo moja. New Luika, mgodi mwingine, ilitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012 chini ya kampuni ya Shanta, ikianza na mashimo ya wazi na kuingia chini ya ardhi mwaka 2017. Haikurithi deni, wafanyakazi wala ahadi za New Saza Mines. Kilichorithiwa ni miamba, na ujumbe kwamba bei ikibadilika taka za 1956 zinakuwa dhahabu tena.

19. Marudio ya zamani ni ya nani? Naweza kuyachukua?

Marudio ni ule mchanga laini uliotupwa baada ya kinu. Vinu vya zamani viliacha dhahabu ndani yake, na ndiyo maana watu wanayagombania. Lakini kuachwa hakumaanishi hayana mwenyewe. Kisheria madini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na rundo likiwa ndani ya leseni ya mtu, linahesabiwa humo. Anza ofisi ya madini Chunya ukiwa na alama za eneo. Watakuonyesha kwenye ramani kama pako wazi. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania pekee na hudumu miaka 7. Dhahabu iliyopatikana huuzwa kwenye soko la madini.

Usichukue mchanga huo kwa kujengea au kupiga plasta. Unaweza kuwa na zebaki na kemikali nyingine za mgodi.

20. Naweza kuingia kwenye mashimo ya zamani, hata kwa kupiga picha?

Usiingie. Matimba ya miaka 70 yamelika ndani hata kama yanaonekana mazima. Njia zilizojaa maji hazionekani mpaka umeshakanyaga, na hewa ya chini huweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya. Aliyezimia chini huvuta wa pili anayemfuata kumwokoa. Picha za juu zinatosha: misingi ya zege yenye boliti kubwa zilizojipanga kwa mistari ndipo kinu kilipokaa, na karibu yake, kwenye mteremko, ndipo penye marudio.

21. Babu alifanya kazi Saza. Kuna pensheni tunayoweza kudai, au jina lake tunaweza kulipata?

Pensheni hakuna. Mfuko wa kwanza wa akiba ya wafanyakazi nchini, NPF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na mgodi ulikuwa umeshafungwa miaka 8. Anayewaomba ada ya kufuatilia "mafao ya Saza" msimpe.

Jina ni kazi ngumu lakini si bure kulitafuta. Kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, tafuta majalada ya Wilaya ya Chunya na ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Dodoma, kwenye taasisi ya jiolojia, kuna ramani na ripoti za migodi, zenye mawe mengi na watu wachache. London, kwenye hifadhi ya Kew, barua za wakoloni kuhusu Tanganyika ziko chini ya mfululizo CO 691. Kabla ya safari yoyote, andika jina alilotumia kazini, maana wengi waliandikishwa kwa jina la baba, la ubatizo au la utani. Ongeza jina la jumbe wake, mwaka wa kukadiria, na namba iliyo kwenye kipande kama kipo. Kama bado kuna mzee wa rika lake kijijini, nenda kwake kwanza, uende asubuhi, na umwache aanze na majina ya manyapara.